Ulinganisho: gari la kambi au hema kwa familia yenye watoto, vijijini Ujerumani?

BintiPangani

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Tunaishi Kassel, na likizo ya shule ya kiangazi hiki tumekusudia kuwapeleka watoto kambi vijijini kwa wiki mbili. Mume wangu anataka tukodi gari la kambi, lile ambalo hapa huitwa Wohnmobil, na ameshapata moja ambalo kampuni inatushikia hadi Ijumaa, siku ya kulipa amana. Mimi naona fedha hizo zingetosha kununua hema kubwa, magodoro ya hewa, jiko la gesi na vyombo vya kutumia miaka mingi, tukaenda kwa gari letu wenyewe. Hata njia hatujakubaliana: yeye anapenda bonde la mto Mosel na vilima vya Eifel, huko magharibi, mimi napenda maziwa ya Mecklenburg, kaskazini, upande wa ziwa Müritz. Naomba mliowahi kwenda na watoto mnilinganishie, kwa sababu amana hiyo ikishalipwa hairudi.

MzeeWaGöttingen

Dada BintiPangani, swali lako ni zuri lakini kwa namna ulivyoliweka halijibiki. Watoto ni wangapi, na kila mmoja ana umri gani? Nani ataendesha, na leseni yake ilitolewa wapi? Gari lenu lina viti vingapi? Mmewahi kulala hemani, au hii ndiyo mara ya kwanza? Mmetenga kiasi gani, na mnaondoka tarehe ngapi? Bila hayo kila mmoja wetu atakushauri safari yake mwenyewe.

Kipepeo_Bremen

Wakati tukisubiri majibu, mimi nasema hema, na nasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo wakodishaji hawalielezi. Gari la kambi likishafika na kufunguliwa turubai lake, ndilo nyumba yenu na ndilo gari lenu pia, hivyo kila mnapohitaji mkate au dawa ya mtoto inabidi mfunge kabati zote, mchomoe umeme, mkunje turubai na kuliendesha dude lenye kimo cha karibu mita tatu katika vichochoro vya kijiji. Mwenye hema huliacha limesimama, akaingia kwenye gari lake dogo na kurudi baada ya robo saa.

Lakini jueni taratibu za viwanja vya kambi kabla ya kufika. Viwanja vingi hushusha kizuizi cha lango kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, muda wa mapumziko, na mkifika katikati ya muda huo mtasubiri nje na watoto wenye njaa. Usiku kelele hukoma saa nne. Bei huhesabiwa kwa nafasi ya hema, kwa kila kichwa, kwa gari na kwa umeme, na katika maeneo ya mapumziko huongezwa ushuru wa wageni, kwa hiyo bei ya kwanza mnayoiona kwenye tovuti si bei mtakayolipa.

BabaNeema_Köln

Dada, kabla hujalipa amana hiyo naomba usome haya hadi mwisho, kwa kuwa yalitupata sisi na hakuna aliyetuonya.

Tulikodi gari la kambi lililotangazwa kuwa la watu sita, lenye vitanda sita na mikanda sita, kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Leseni ya daraja B inaruhusu gari lenye uzito usiozidi kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo, na gari lile lilikuwa limeandikishwa kwa kiwango hicho hicho. Ukisoma kadi ya gari, hata hivyo, uzito wake likiwa tayari kwa safari, pamoja na dereva na mafuta, ulikuwa umeshafika kilo 3,100. Zilizobaki ni kilo 400 tu za kugawana abiria watano, baiskeli, meza, viti, nguo, chakula na mtungi wa pili wa gesi. Tangi la maji safi peke yake, likijazwa, lilichukua zaidi ya kilo 100, na siku ya kukabidhiwa gari mfanyakazi alitujazia hadi juu, akatutakia safari njema.

Polisi walitusimamisha kwenye maegesho ya barabara kuu, wakatupima kwa mizani inayowekwa chini ya magurudumu, na wakatuambia kwamba hatutaondoka hapo hadi uzito upungue. Tulimwaga maji yote, na bado tulikuwa tumezidi. Ikabidi nimpigie simu rafiki aje kuchukua baiskeli na masanduku, huku watoto wakikaa kwenye nyasi pembeni ya malori kuanzia adhuhuri hadi jioni. Faini yenyewe haikuwa kubwa. Kilichoniuma ni kwamba niliporudisha gari na kulalamika, kampuni ilijibu kuwa kwa mujibu wa mkataba uzito ni jukumu la dereva, kisha ikakata sehemu ya amana kwa mkwaruzo ambao tulikuwa tumeupiga picha siku ya kwanza, na fedha hizo tulirudishiwa baada ya kuandikiana barua nyingi.

Kwa hiyo waandikieni leo na kuwauliza zinabaki kilo ngapi baada ya dereva, mafuta, gesi na vifaa vyote walivyofunga wao. Jibu mlidai kwa maandishi. Wakikataa kuandika, mjue kwa nini.

BintiPangani

Ahsanteni sana, na pole Baba Neema kwa yaliyowapata. Watoto ni watatu, wenye miaka 11, 7 na 4. Leseni ya Kijerumani ninayo mimi. Mume wangu alihamia hapa mwaka jana akiwa na leseni ya Tanzania. Gari letu lina viti vitano. Hemani hatujawahi kulala. Tena mama yangu mzazi atakuwa amekuja kutoka Pangani kutusalimia, na siwezi kumwacha peke yake Kassel. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua.

MzeeWaGöttingen

Dada, sasa hesabu yote imebadilika. Ninyi ni watu sita, na gari la viti vitano haliwachukui, kwa hiyo pendekezo lako la kwenda kwa gari lenu limeanguka kabla ya kulinganishwa na lolote. La mumeo nalo limeingia katika mtego ule ule alioueleza Baba Neema.

Leseni ya Tanzania hutumika hapa kwa miezi sita tu tangu mtu aandikishe makazi, na baada ya hapo hana budi kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani ili apate ya Ujerumani. Kwa kuwa alihamia mwaka jana, dereva wa safari nzima utakuwa wewe peke yako. Kutoka Kassel hadi Müritz ni zaidi ya kilomita 400, wakati Mosel iko karibu zaidi. Kuhusu watoto, sheria inataka kiti maalumu kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12 na mwenye urefu chini ya sentimita 150, na viti vya nyuma vya magari ya kambi havipokei kila aina ya kiti cha mtoto. Nendeni na viti vyenu mkavijaribu kabla ya kutia saini.

Mimi ningekodi basi dogo la viti tisa, ambalo leseni yako ya B inaliruhusu, na kutafuta malazi mbali na gari.

NyotaYaLamu

Naunga mkono, ila naomba tumfikirie mama. Katika uwanja wa kambi msalani mara nyingi ni mwendo wa dakika kadhaa kutoka kwenye hema, na usiku wa Julai, hasa vilimani, baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 na nyasi zikalowa umande. Mtu mwenye magoti mabovu kuinuka kutoka kwenye godoro la hewa, avae viatu na kuufuata mwanga wa tochi, hayo ni mateso. Kwenye gari la kambi nako, vitanda vingi hupandwa kwa ngazi.

Viwanja vingi vina vibanda vya mbao vyenye vitanda halisi, na baadhi vina choo ndani. Mwekeni mama na mtoto mdogo kibandani, kisha mpige hema pembeni kwa wengine, mwenye uwanja akiruhusu. Njia nyingine ni mashamba yanayopokea wageni, ambako watoto huona ng'ombe wakikamuliwa na huokota mayai wenyewe. Ipo pia hosteli ya vijana ya Kijerumani, Jugendherberge, ambayo licha ya jina lake ina vyumba vya familia kwa mwenye kadi ya uanachama. Mwalimu Richard Schirrmann ndiye aliyefungua ya kwanza ya kudumu katika ngome ya Altena mwaka 1912, na nyingi hadi leo ziko vijijini na misituni.

Kipepeo_Bremen

Dada Nyota, kwa heshima zote, hosteli si kambi. Mama wa watu aliuliza kuhusu kulala nje na watoto. Kibanda nakubaliana nacho kwa ajili ya bibi, lakini nasisitiza kiwe Müritz. Ziwa lile ndilo kubwa kuliko yote yaliyomo Ujerumani pekee, mashariki yake kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1990, na njia za baiskeli ni tambarare hata mtoto wa miaka 7 huzimudu.

MpendaMosel_Trier

Tambarare ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo sisi kando ya Mosel, kwa kuwa njia ya baiskeli inaufuata mto, na kila baada ya kilomita chache kuna kijiji chenye duka la mikate. Isitoshe Eifel ina maziwa ya mviringo yaliyoachwa na volkano, na katika baadhi yake watu huruhusiwa kuogelea. Mtoto wa miaka 11 atasoma jiografia kwa miguu yake.

BabaNeema_Köln

Ndugu wa Trier, kuogelea katika maziwa ya volkano na mtoto wa miaka 4 kunahitaji uangalifu mkubwa. Pulvermaar, mojawapo ya maziwa hayo, lina kina cha mita 70 hivi, na ardhi haiteremki taratibu kama pwani ya kwetu. Dada, watoto wako wanajua kuogelea? Beji ya Seepferdchen wanayopewa shuleni baada ya kuogelea mita 25 haimaanishi kwamba mtoto yuko salama ziwani bila mtu mzima wa kumwangalia.

La pili ni mafuriko. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021 mto Ahr, ambao siku zote ni kijito cha kuchezea watoto, ulifurika na kubeba nyumba, madaraja na karavani za viwanja vya kambi; nchini Ujerumani maafa yale yaliua zaidi ya watu 180. Sisemi msiende mtoni. Nasema ombeni nafasi ya juu, mbali na ukingo, na muwe na programu ya tahadhari ya NINA katika simu.

MpendaMosel_Trier

Ahr si Mosel. Mosel ni mto mpana wenye malango ya kuzuia maji na meli za mizigo, na mafuriko yake makubwa kwa kawaida huja majira ya baridi, wakati viwanja vingi vimefungwa. Tahadhari ni njema, lakini tusimtishe dada kwa mto mwingine.

Msafiri_Dortmund

Mbona mnahangaika na bei za viwanja? Ingieni msituni, mpige hema, mwondoke alfajiri.

MzeeWaGöttingen

Ndugu, huo ni ushauri wa kumletea mtu faini mbele ya wanawe. Kupiga hema msituni au katika hifadhi bila ruhusa kwa ujumla kumekatazwa, ingawa kila jimbo lina sheria zake. Kulala ndani ya gari usiku mmoja kwenye maegesho ya umma ili dereva apumzike kunaruhusiwa pale ambapo hakuna katazo, lakini ukitoa meza na viti nje, hapo umeshaanza kambi. Zipo sehemu za hema zilizoidhinishwa katika misitu ya Pfalz, Eifel na Schwarzwald, ila huhifadhiwa mapema na ni za watu wanaofika kwa miguu na mizigo yao mgongoni, jambo lisilowezekana kwa mama mwenye magoti. Moto msituni ndio usiuguse kabisa, hasa kiangazi kikavu.

Muuguzi_Erfurt

Naomba kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: kupe. Wanaeneza magonjwa mawili. La kwanza, FSME, ni la virusi vinavyoshambulia ubongo; maeneo yake ya hatari ni hasa majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, kusini mwa Hessen na sehemu za Thüringen na Sachsen, na lina chanjo. La pili, Borreliose, liko nchi nzima, halina chanjo, lakini hutibika kwa antibiotiki likigunduliwa mapema. Kwa kuwa bakteria wa Borreliose kwa kawaida huhitaji saa nyingi ili kuhama kutoka kwa kupe kwenda kwa mtu, wakagueni watoto kila jioni, nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Nywele zilizosukwa zinahitaji uangalifu zaidi, na bibi naye akaguliwe.

Kipepeo_Bremen

Ndiyo maana mara nyingine tena nasema kaskazini. Müritz haimo katika maeneo uliyoyataja.

MpendaMosel_Trier

Wala Mosel haimo.

BintiPangani

Ahsanteni nyote, mmenifungua macho. Nimeiandikia kampuni kuhusu kilo zilizobaki na bado hawajajibu. Wazo la kibanda kwa mama na hema pembeni limemgusa mume wangu, ingawa anasema basi dogo la viti tisa pamoja na kibanda na hema huenda likagharimu kuliko gari la kambi, na kuhusu Mosel hajabadilika. Watoto wawili wakubwa wanaogelea, mdogo bado. Je, kuna mahali pa karibu ambapo tungejaribu kulala hemani siku moja mbili kabla ya kuamua?

MzeeWaGöttingen

Nendeni Edersee, ziwa la bwawa lisilo mbali na Kassel, na msitu wa Kellerwald, wa miti ambayo hapa huitwa Buche, uko pale pale. Kama ni kuogelea, wahini, kwa sababu maji ya bwawa lile hufunguliwa ili kuongeza kina cha mto Weser kwa ajili ya meli, na kiangazi kikiwa kikavu ziwa hushuka hadi magofu ya vijiji vya zamani yakaonekana.

NyotaYaLamu

Edersee ni pazuri, lakini ziwa likishashuka watoto watatembea kwenye tope refu kabla ya kuyafikia maji. Mimi ningejaribia kwenye shamba lolote la jirani linalopokea wageni.

MzeeWaGöttingen

Dada BintiPangani, bajeti na tarehe bado hujatutajia. Hessen, jimbo lenu, hufunga shule mapema kuliko Bayern, na vibanda vya mbao katika wiki za likizo ndivyo vinavyoisha kwanza. Tupe tarehe tukusaidie kuwapigia simu.