Barua ya kufungiwa leseni kwa deni la matunzo ya mtoto, Texas

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naandika toka Moshi, hapa Kiboriloni. Mdogo wangu yuko Houston anaendesha malori, waliachana na mama watoto na mahakama ikampangia hela ya kutoa kila mwezi. Kazi zikapungua, akawa akipata chochote anampa yule dada mkononi, sasa kaletewa barua eti watamfungia leseni. Leseni ndo kazi yenyewe jamani! Mwenye kujua anisaidie, ni kweli au matapeli?

---

Pole sana dada. Ni kweli hiyo. Mimi nimesharudi Arusha, niko Njiro, ila Texas nimekaa na nimeona manesi wenzetu yamewakuta. Sheria ya Marekani ya 1996 inataka kila jimbo liwe na utaratibu wa kuzuia leseni za udereva, za taaluma, mpaka za kuwinda, kwa mwenye deni la matunzo. Texas deni likishafika la miezi 3 wanaweza kuanza.

Hiyo barua asiiweke mezani akaenda kulala. Ina tarehe ya mwisho ya kuomba kusikilizwa, aombe kabla haijapita, aende ofisi ya matunzo waandikishane kulipa kidogo kidogo, akitimiza ndo anaokoa leseni. Na asikawie kufungua ombi la kupunguziwa kiwango, hapa ndo wengi wanaumia, maana toka 1986 sheria yao hairuhusu hakimu kufuta deni la miezi iliyopita, anaweza kupunguza kuanzia ombi lilipomfikia yule mama kuja mbele tu, kwa hiyo kila mwezi anaokaa kimya unahesabiwa kwa kiwango kilekile hata kama hakuingiza senti, na Texas wanaweka na riba asilimia 6 kwa mwaka. Hela za mkononi zinaweza zisihesabiwe kabisa, wakaziita zawadi. Akusanye meseji na risiti zote alizonazo.

Mimi naona kumfungia leseni mtu asiye na kipato ni kumnyang'anya mvuvi nyavu huku unamdai samaki. Lakini wapo wanaozo hela na wanaficha, na watoto wale wanataka kula leo.

Na nyie wa nyumbani, usinielewe vibaya dada, kama kuna nyumba anawajengea hapo kihambani, kwenye shamba la ukoo, simamisheni kwanza.

---

Asante sana kaka. Nimeongea naye usiku, Jumatatu anaenda. Ujenzi ni kweli upo, tofali tulishalipia, bati tumemwambia aache, mama mwenyewe kakubali.

---

Naongezea, mliochukua uraia wa kule: deni likizidi dola 2,500 wanaweza kukunyima pasipoti. Wa kuja Moshi Desemba angalieni hilo kabla hamjakata tiketi.