Wakuu naomba ushauri: mvuke una benzeni nyingi kuliko kimiminika chenyewe?

MoliNusu:
Habari wakuu. Nina swali la presha ya mvuke: gramu 39 za benzeni zimechanganywa na gramu 138 za tolueni kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi joto 25 za Selsiasi. Benzeni tupu ina presha ya kilopaskali 12.7, tolueni tupu 3.8. Kwa kanuni ya Raoult (presha ya kila kimoja ni sehemu yake ya moli mara presha yake kikiwa tupu) nimepata jumla kama 6.0, na jibu linakubali. Kipengele cha pili ndicho kimenikwamisha. Eti kwenye mvuke benzeni inazidi nusu, wakati kwenye kimiminika ni robo tu. Si mchanganyiko ni ule ule? Halafu, hesabu hii inafaa kwa ethanoli na maji?

Kipimajoto:
Weka hatua zako kwanza. Hapa hatumfanyii mtu kazi ya nyumbani 😄

MoliNusu:
Nagawa kwa gramu za moli moja: benzeni 39/78 = moli 0.5. Tolueni 138/92 = moli 1.5. Sehemu ya moli ya benzeni ni 0.5/2 = 0.25.
0.25 × 12.7 = 3.18
0.75 × 3.8 = 2.85
Jumla 6.03.

Mama Maabara:
Mbona umeshafika, mdogo wangu? Hiyo 3.18 ndiyo presha ya benzeni peke yake. Igawe kwa 6.03 upate 0.53. Benzeni ni wachache kwenye kimiminika, ila wepesi wa kutoroka. Sasa poza mvuke huo uwe kimiminika, kisha rudia hesabu: mvuke mpya unafika 0.79. Ukenekaji wote (kutenganisha vimiminika kwa kuvigeuza mvuke na kuupoza) umesimama hapo. Mvuke ungefanana na kimiminika, ungekeneka mpaka uzeeke.

Kipimajoto:
Nyongeza: hapo tunachukulia kilichogeuka mvuke ni kidogo sana. Kikiwa kingi, ile 0.25 ya kwenye kimiminika nayo inashuka.

Mama Maabara:
Kweli kabisa. Kuhusu ethanoli na maji, hapana. Benzeni na tolueni zinafanana mno, molekuli haijali jirani yake ni nani, ndiyo maana zinakaribia sana myeyusho kamilifu, yaani ule unaomfuata Raoult moja kwa moja. Ethanoli na maji zinavurugiana vifungo vya hidrojeni, presha inapanda kuliko Raoult anavyotabiri. Ndiyo maana ukizikeneka kwa presha ya kawaida ya hewa unakwama kwenye ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito: mvuke na kimiminika vinalingana, vinachemka pamoja kwenye nyuzi 78.2. Asetoni na klorofomu ni kinyume chake, zinavutana, presha inashuka.

MoliNusu:
Asante sana dada. Kwa hiyo nikikutana na ethanoli na maji Raoult nisimguse?

Kipimajoto:
Mguse swali likisema "chukulia ni myeyusho kamilifu". Pia kama kimoja kimebaki kidogo mno: kile kilicho kingi, karibu kiwe tupu, kinamfuata Raoult vizuri hata kwenye mchanganyiko mkorofi. Kile kidogo ndicho usikikadirie hivyo, hicho kina kanuni ya Henry: sehemu yake ya moli mara namba iliyopimwa kwa mchanganyiko huo, si presha yake kikiwa tupu.