Triathloni ya porini: miezi mitatu imebaki, nijifunze nini kwanza?

Mkimbiaji wa Karura

Ndugu zangu, nimejiandikisha kwa mara ya kwanza kushiriki triathloni ya porini: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli ya milimani takriban kilomita 30, kisha kukimbia kilomita 10 kwenye njia za msituni. Nimekwisha kukimbia marathoni tatu, na maji siyaogopi, ingawa nimezoea bwawa la kuogelea tu. Baiskeli ndiyo ngeni kwangu. Huiendesha Jumapili katika msitu wa Karura, basi. Imebaki miezi mitatu. Mliokwisha kushiriki, naomba mnieleze mlijifunza nini, na saa zangu chache za mazoezi nizielekeze wapi.

Mpanda Vilima

Hongera, ndugu yangu. Mimi nilishiriki XTERRA (mfululizo wa kimataifa wa triathloni za porini) ya Grabouw, Afrika Kusini, kwenye bonde la mashamba ya matufaha la Elgin, ng'ambo ya milima ukitokea Cape Town. Nilikwenda na hesabu kama yako, kwamba nikivumilia maji na baiskeli, miguu yangu ya mbio ingenikomboa mwishoni. Haikunikomboa, kwa sababu nilifika kwenye mbio nguvu zimekwisha. Baiskeli peke yake ilinila zaidi ya nusu ya muda wote, na kilichonimaliza si kupanda bali kushuka: nilibana breki kwa hofu muda mrefu hivi kwamba, nilipofika eneo la kubadilishia, pale unapoacha baiskeli na kuanza kukimbia, vidole vilikuwa vimekakamaa, nikashindwa kufungua kifungo cha helmeti. Nilisimama pale nikihangaika nacho kwa mikono miwili huku wenzangu watatu wakivaa viatu na kuondoka.

Kwa hiyo, saa zako zipeleke kwenye mteremko. Tafuta mmoja mfupi wenye mizizi na kona, uushuke mara kumi kwa siku moja badala ya kuzunguka msitu mzima. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia breki ukiwa ndani yake. Kidole kimoja kwa kila mkono wa breki kinatosha. Simama juu ya pedali, magoti yakiwa yamelegea na makalio nyuma ya kiti, na macho yatazame unakokwenda, si jiwe unalolihofia, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Conrad Stoltz wa Afrika Kusini, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa XTERRA mara nne kule Maui (2001, 2002, 2007 na 2010), alifahamika hasa kwa uwezo wake juu ya baiskeli.

Jambo jingine ni upepo wa tairi. Nilizijaza zikawa ngumu kama za barabarani, na kila nilipopita kwenye mizizi iliyolowa gurudumu la mbele liliruka na kuteleza. Upepo ukipungua kidogo, tairi hulala juu ya ardhi na kuishika, lakini ukipungua mno, rimu itagonga mawe. Jaribu mapema kwenye njia inayofanana na ya mashindano.

Binti Raskazone

Kaka Mpanda Vilima amesema kweli kuhusu baiskeli, lakini nisingeyapuuza maji. Bwawani kuna mstari chini unaokuongoza. Ziwani huoni hata kiganja chako, na mateke ya watu yako usoni. Kila baada ya kupiga mikono sita au minane, inua macho tu, si kichwa kizima, la sivyo miguu itazama. Boya la kuonyesha njia hufichwa na mawimbi, hivyo chagua mapema kitu kikubwa kilicho nyuma yake, kama mti au kilima. Siku ya kwanza anzia pembeni, usijitie katikati ya kundi.

Kukimbia usikuache pia. Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli na ukimbie dakika kumi na tano papo hapo, kwa maana kiuno kilichoinama saa mbili hakinyooki kwa kuamriwa. Zaidi ya hayo, funga helmeti kabla ya kuigusa baiskeli. Ni kanuni, na kuivunja kuna adhabu.

Mkimbiaji wa Karura

Nawashukuru sana, kaka na dada. Nikipata pancha katikati ya msitu, je, fundi wangu anaweza kunisaidia?

Mpanda Vilima

Hapana, msaada wa mtu wa nje hauruhusiwi. Beba tyubu moja, pampu ndogo na vijiti viwili vya kutolea tairi, na ufanye zoezi hilo nyumbani hadi mikono izoee. Kabla ya kutia tyubu mpya, papasa ndani ya tairi kwa kidole, taratibu, mzunguko mzima, kwa sababu mwiba uliotoboa ile ya kwanza mara nyingi bado umo humo.