Naomba mwongozo: riwaya fupi za mapenzi motomoto za Kiswahili, zenye mwisho na zisizotukana

Msomaji wa Kihonda aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni uhasibu hapa Morogoro. Kwa miaka minne sasa nimekuwa msomaji wa hadithi za kikubwa zinazoitwa chombezo, na ninalisema hilo waziwazi, kwa sababu ninazisoma kwa raha yangu mwenyewe na sioni kama raha hiyo inahitaji kibali cha mtu yeyote. Nikishalaza watoto na kuosha vyombo, nusu saa ya kusoma jinsi watu wawili wanavyotamaniana, wanavyozungukana na hatimaye wanavyokutana hunipumzisha kuliko tamthilia yoyote ya televisheni. Napenda kazi fupi, inayomalizika kwa usiku mmoja au miwili, kwa kuwa hadithi ya aina hii ikirefushwa mno hupoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Yapo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni mwisho. Sehemu ya 1 na ya 2 hutolewa bure, kisha mkono wa mwanamume unafika kwenye kitasa cha mlango na hapo hapo panaandikwa ITAENDELEA. Unatuma pesa kwa simu, unapata kipande kingine, na mlango bado haujafunguliwa. Mwaka jana nililipia hadithi moja hadi sehemu ya 41, ndipo mwandishi akalifunga kundi la WhatsApp bila kuaga, na mpaka leo sijui kama yule muuguzi alirudi kwa fundi wake wa boti.

La pili ni zito zaidi, nalo ni lugha. Katika hadithi hiyo hiyo kulikuwa na ukurasa ambao muuguzi anamtazama fundi akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka kama utepe mmoja bila kukatika, na mimi niliyekuwa nimelala kitandani kwangu nikahisi joto lile lile alilolihisi yeye. Walipofika chumbani, ilikuwa kana kwamba mwandishi amempisha mtu mwingine kalamu: mara maneno ya daftari la kliniki, mara matusi ya kijiweni, mara “mashine” na “ikulu”, na kisha mstari mzima wa “aaashiii” uliovutwa hadi ukingoni mwa kioo cha simu. Joto lote likaniishia. Naomba kuuliza kwa dhati: je, Kiswahili chetu hakina maneno ya kulisema jambo hili kwa uzuri, au yapo na sisi ndio tumeyaacha? Na ninyi wenzangu mnasoma nini?

Bibi wa Ng'ambo alijibu:

Mwanangu, maneno yapo, na yalikuwapo kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Mimi ni mtu wa Unguja, umri wangu ni miaka 67, na kabla ya kuolewa nilifundwa na somo yangu, yaani kungwi, mambo ambayo watu wa leo wanadhani yaliletwa na intaneti. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuishia kwenye dini na adabu ya nyumbani. Alimwambia pia aoge na kujisinga, afunge nywele zake, atunge asumini na aziweke kitandani. Huyo ni mama anayemzungumzia mwanawe kuhusu usiku, katika ubeti wenye vina, wala hakuna neno hata moja linalomfanya mtu ainamishe uso.

Somo yangu hakutaja kitu kwa jina lake la uchi, lakini hakuna msichana aliyetoka mikononi mwake akiwa hajaelewa. Alituonyesha jinsi ya kuweka chetezo chini ya nguo ili moshi wa udi uingie ndani ya uzi, kisha akatuambia mume akifungua mlango atakujua kwa pua kabla ya jicho. Alitufundisha kuzivaa shanga za kiunoni na kuzisikiliza, kwa maana gizani mlio wake ni mazungumzo. Mwandishi anayeyajua mambo haya anaweza kujaza kurasa tatu kabla hajafungua kifungo kimoja, na msomaji asichoke. Kosa la hawa vijana ni kudhani kwamba moto uko katika kukitaja kiungo, ilhali moto uko katika kungojea. Tafsida, yaani kulisema jambo kwa staha bila kulitaja waziwazi, si woga, mwanangu. Ni ufundi, na unafundishika.

Mwandishi wa Vipande alijibu:

Shikamoo Bibi. Dada wa Kihonda, pole kwa fedha na kwa muda uliopoteza. Mimi ni mmoja wa watunzi wa hadithi hizo, ninaishi Temeke, na ningependa kueleza mambo yanavyokwenda upande wetu, kwa sababu maelezo hayo yanajibu malalamiko yako yote mawili.

Kipande kimoja kina maneno kama 700, kipimo ambacho mtu anaweza kukisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Kwa kuwa ninalipwa kwa kipande, hadithi ya vipande 10 inanipa chini ya ile ya vipande 50, na hiyo ndiyo sababu mlango haufunguliwi. Hatukukaa tukapanga kuwatesa wasomaji. Malipo yenyewe ndiyo yanayoipanga hadithi. Kila kipande lazima kiishie mahali pa kumfanya mtu atoe pesa tena, kwa hiyo tunakuwa hodari wa kuanzisha na dhaifu wa kumalizia, na wengi wetu tunaanza bila kujua mwisho wenyewe utakuwaje. Tangu mwaka juzi niliacha utaratibu huo. Sasa ninaandika riwaya fupi ya maneno 12,000 hadi 15,000, ninaimaliza yote, mwenzangu anaisoma na kuisahihisha, kisha ninaiuza kwa bei moja kama faili moja. Wateja walipungua mwanzoni, lakini waliobaki hawanidai mwendelezo, wanadai hadithi mpya.

Kuhusu lugha, ukweli ni kwamba wasomaji wenyewe hutuandikia “ongeza moto”, na mwandishi anayeandika saa sita za usiku ili atume saa moja ya asubuhi huchukua neno lililo karibu. Vilevile sheria ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa kutumia mfumo wa kompyuta, kwa hiyo anayemwaga matusi kwenye kundi la watu mia mbili anajiweka pabaya, mbali na kuiharibu kazi yake.

Liko jambo jingine ambalo hukulitaja, nami linaniuma. Katika hadithi zangu za mwanzo niliandika wanaume wanaolazimisha, na wanawake wanaosema hapana kwenye mstari mmoja na kuyeyuka kwenye mstari unaofuata, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimesoma kwa wengine. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba tukio kama lile lilimtokea kweli na kwamba hakuyeyuka. Nilizifuta hadithi mbili siku hiyo. Sasa mwanamke katika kazi zangu anataka, na anasema anataka, na nimegundua kwamba maneno yake ya kutaka yana joto kuliko purukushani zote nilizowahi kuandika.

Msomaji wa Nairobi alijibu:

Nimefurahi kuusoma mjadala huu. Mimi nililelewa na vitabu vya mtumba vya wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaoita “inama” kwa sababu lazima uiname ndipo uchague. Huko nilikutana na riwaya za mapenzi za Mills & Boon, kampuni ya vitabu iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kununuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971. Kilichowashika wasomaji wa vitabu vile, naamini, ni ahadi: kitabu ni chembamba, unajua kabla ya kufungua kwamba wawili hawa watapatana, na kwa hiyo unaweza kuutoa moyo wako bila hofu. Ndiyo ahadi anayoivunja yule wa ITAENDELEA. Hapa kwetu nako, katika miaka ya 1970, mwandishi Mkenya David Maillu alichapisha vitabu vidogo vya Kiingereza kupitia kampuni yake, Comb Books, vikauzwa sana, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Kwa hiyo hamu ya kusoma mambo haya katika vitabu vya mfukoni si ya jana. Na kama unatafuta pa kuanzia, dada, mwaka 2015 Ankara Press ya Nigeria ilitoa mkusanyiko wa hadithi fupi za mapenzi kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, na moja kati ya hizo ilitafsiriwa kwa Kiswahili. Itafute.

Kuhusu lugha, ninakubaliana na Bibi kwa sehemu tu. Tafsida ikizidi inakuwa fumbo, na kijana wa Nairobi asiyewahi kufundwa na somo atapita juu ya chetezo bila kuelewa kwamba amepishana na kitu. Kazi yangu ni tafsiri, na katika kazi hiyo nimeona kwamba waandishi wetu wanahangaika na nomino wakati utajiri wa Kiswahili uko kwenye vitenzi. Wanatafuta jina la kiungo, wanakuta jina la kliniki au tusi, wanakwama. Lakini tazama vitenzi tulivyonavyo: kupapasa, kutomasa, kubembeleza, kudeka, kulegea, kusisimka, kunong'ona, kuvua, kufumbata. Kila kimoja kina kasi yake na uzito wake wa mkono, wala hakuna hata kimoja kinachohitaji kiungo kitajwe.

Kisha ongeza kiambishi -ana, ambacho ni zawadi kubwa ya lugha hii. “Akamvua” ni mtu mmoja anayetenda na mwingine anayetendwa. “Wakavuana” ni watu wawili, mikono minne, na hakuna anayengoja kufanyiwa. Kutazamana, kupapasana, kunong'onezana, kusubiriana: silabi mbili tu zinawaweka wote wawili ndani ya sentensi kwa usawa. Ndugu yangu wa Temeke anapozungumzia mwanamke anayetaka, nadhani lugha yenyewe ilikuwa tayari kumsaidia tangu zamani. Jaribu kuandika tukio zima la chumbani bila kutumia hata jina moja la kiungo, kwa vitenzi vya -ana pekee, uone kama litapoa.

Mwalimu Mstaafu wa Tanga alijibu:

Nami niseme machache. Sina ugomvi na watu wazima wanaosoma watakacho majumbani mwao, na hoja ya vitenzi imenifurahisha mimi niliyefundisha sarufi kwa miaka 30. Wasiwasi wangu ni simu, ambayo katika nyumba nyingi ni moja na inashikwa na kila mtu. Nilimkuta mjukuu wangu wa miaka 12 akisoma chombezo kwenye simu ya mama yake, na alichokuwa amekiona ni lile tukio la kulazimisha. Naomba watunzi waandike umri wa msomaji kwenye mstari wa kwanza kabisa, kabla ya jina la hadithi, na wazazi waweke namba ya siri.

Msomaji wa Kihonda alijibu:

Shikamoo Bibi, shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Mwalimu, nimeweka namba ya siri leo asubuhi. Kaka wa Temeke, nilikuandikia faraghani, nikalipia riwaya yako ya yule fundi cherehani na mwalimu wa Kondoa, na ninashukuru kwamba ilikuja yote kwa pamoja.

Nilianza kuisoma jana usiku, umeme ukiwa umekatika, mume wangu amelala ubavuni ananiuliza mwanga wa simu unanionyesha nini. Sijawahi kumsomea. Safari hii nilimsomea kwa sauti ya chini, kuanzia pale fundi anapompima mwalimu kwa futi, anamwomba ruhusa kabla ya kuizungusha kiunoni, na mwalimu anainua mikono yake polepole na kusema, “Pima vizuri.” Nilipofika walipovuana viatu mlangoni, nilinyamaza kidogo kwa haya. Aliichukua simu mkononi mwangu, akatafuta mstari nilioishia kwa kidole, akaendelea kusoma yeye.