Hesabu za sadaka: tunazitoaje hadharani bila kumvunjia heshima mzee wetu wala anayesaidiwa?

Katibu wa Shehia (Pemba)

Assalamu alaykum wanabaraza.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya shehia yetu, kaskazini ya Pemba, ambayo kila Ramadhani hukusanya zaka na sadaka kwa ajili ya mayatima, wajane na wazee wasio na wa kuwatazama. Kwa muda wa miaka tisa fedha zote zimekuwa zikiingia katika namba ya simu ya mwenyekiti wetu, mzee ambaye hapa kwetu hakuna anayemtilia shaka na ambaye mimi mwenyewe alinisomesha Kurani. Yeye ndiye anayepokea, anayenunua na anayegawa, na hesabu anaiweka kichwani pamoja na daftari moja dogo ambalo halijapata kusomwa mbele ya watu.

Mwaka huu mchango ulikuwa mkubwa kuliko tulivyozoea. Kwa kuwa tulitangaza pia kuchimba kisima karibu na chuo, ziliingia shilingi 11,400,000, na zaidi ya nusu yake zilitoka kwa watoto wetu walioko Muscat na London. Baada ya Idi, wawili kati yao waliandika kwa adabu kuomba mchanganuo wa matumizi. Nilipomfikishia mzee ombi hilo alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwani wamesikia nini?" Tangu siku hiyo hakai nasi barazani baada ya Alasiri.

Ninaomba muongozo katika mambo matatu. Jumuiya kama yetu, isiyo na mhasibu wala ofisi, inapaswa kutoa hesabu ya namna gani? Je, wachangiaji wanaotaka picha na majina ya waliopewa futari wana haki hiyo? Na la mwisho, ambalo nadhani ndilo linalomtia hofu mzee: gari la kubebea mizigo na makato ya kutolea fedha yalilipwa kutoka katika sadaka hiyo hiyo, naye anachelea kwamba likijulikana atasemwa amekula.

Mhasibu Mstaafu (Chake Chake)

Wa alaykum salaam, Bwana Katibu. Niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonikosesha raha niliposoma maneno yako, nalo ni kwamba fedha za watu wengi zimo katika namba ya mtu mmoja. Mwenyezi Mungu ampe mzee wetu umri mrefu wenye afya, lakini akiitwa leo, fedha zile mbele ya kampuni ya simu na mbele ya Kadhi zitahesabiwa kuwa ni mali yake; zitaingia katika mirathi, na mayatima ndio watakaoambiwa walete ushahidi. Niliwahi kuliona hilo kwa mshika fedha wa msikiti mmoja, aliyefariki ghafla, na mjane wake akakaa eda huku watu wakimbishia hodi kuulizia fedha ambazo yeye hakujua hata kiasi chake. Hakuna aliyekuwa ameiba. Kilichokosekana ni karatasi.

Kwa hiyo ukienda kwa mzee usimwambie kwamba wachangiaji wanataka kumkagua, bali mwambie kwamba unataka kumtua mzigo ambao, ukibaki katika namba yake, utawaangukia watoto wake.

Kuhusu sheria nitasema machache. Jumuiya nyingi za hapa Zanzibar ziliandikishwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995, kwa hiyo mlango wenu ni wa Mrajis wa Jumuiya. Usichanganywe na zile habari za Bara, ambako kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuzitangaza fedha hizo hadharani, maana sheria ile ya mashirika, Namba 24 ya mwaka 2002, ni ya Tanzania Bara. Na iwapo kuna mtu aliyekupeni nyumba au shamba la mikarafuu ili mazao yake yawe ya mayatima, hilo si la kuandika katika daftari la michango. Huo ni wakfu, na wakfu una wenyewe, yaani Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana iliyowekwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2007.

Sasa hesabu yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha kabisa, ilimradi kila mstari uwe na karatasi nyuma yake. Andika kwanza kilichoingia, kisha matumizi kwa mafungu, kisha kilichobaki na mahali kilipo. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo la kwanza ambalo mkaguzi huliuliza, kwa sababu baki isiyojulikana iko wapi si baki. Niandikie tarakimu ulizonazo tuzipange pamoja.

Wakati huo huo fungueni akaunti ya benki kwa jina la jumuiya, yenye watia saini watatu, ambapo wawili kati yao ndio wanaotosha kutoa fedha. Anayepokea asiwe ndiye anayenunua, na anayenunua asiwe ndiye anayeandika daftari. Fundi wa kisima ambaye hana stakabadhi aandikiwe karatasi ya kukiri kupokea, atie saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Stakabadhi zenu mnazowapa wachangiaji ziwe na namba zinazofuatana, na ile iliyoharibika msiichane. Iandikeni kwamba imefutwa na muiache ndani ya kitabu.

Katibu wa Shehia (Pemba)

Ahsante sana, Mzee wangu. Kwa kadiri nilivyoweza kukusanya, vifurushi vya futari vilikuwa vya aila 63, kila kimoja shilingi 95,000, jumla 5,985,000. Kisima kilikula 4,200,000. Usafiri wa mizigo ulikuwa 310,000, na makato ya kutolea fedha 148,000. Mwenyekiti anasema kilichobaki ni "kama laki saba na kitu", na kimo katika simu yake.

Mhasibu Mstaafu (Chake Chake)

Jumla ya matumizi hayo ni 10,643,000, kwa hiyo baki inapaswa kuwa 757,000. "Kama laki saba na kitu" inakubaliana na hesabu yenu, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyeweka hesabu kichwani mwezi mzima wa saumu. Mwambieni hivyo. Ama gharama za usafiri na makato, ni 458,000, kiasi cha asilimia 4 ya mchango wote. Sioni cha kuficha hapo. Mchele hautembei wenyewe kutoka bandarini. Kinachozua maneno ni gharama iliyofichwa ndani ya bei ya mchele, kwa mfano kifurushi cha 95,000 kuandikwa 102,000 ili nauli imezwe humo.

Ila nina swali moja: katika hizo 11,400,000, zaka ni ngapi na sadaka ni ngapi?

Maalim (Micheweni)

Swali hilo la mwisho la Mhasibu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote yaliyotajwa.

Zaka ina wenyewe wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Sura ya Tawba, na wanavyuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, hawaruhusu ichimbiwe kisima wala ijengewe ukuta, kwa kuwa lazima imilikishwe mtu anayestahiki. Aliyekutumieni zaka yake na ninyi mkaitia katika saruji ya kisima, hamkumuibia hata shilingi moja, lakini deni lake la ibada mmeliacha pale pale lilipokuwa. Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili tangu siku ya kwanza, na anayetuma fedha aulizwe anatuma nini kabla hazijachanganyika.

Kuhusu nauli, ni kweli kwamba miongoni mwa wanane hao wamo wanaoitumikia zaka, na watu wengi huishika aya hiyo wakasema kamati ichukue fungu lake. Wapo wanaosema, na mimi naegemea kauli yao, kwamba mwanakamati wa jumuiya aliyejiteua mwenyewe ni wakili tu wa wenye mali, si mtumishi wa zaka aliyewekwa na mwenye mamlaka. Iliyo salama ni gharama za usafiri zitoke katika sadaka ya kawaida, au muwaombe watu mchango wa uendeshaji kwa jina lake hasa, nao watautoa.

Tena mfikishie mzee wetu salamu zangu, na umkumbushe kisa anachokijua vizuri kuliko mimi, cha Ibnu Lutbiyya, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi alifanyiwa hesabu, na hapo ndipo aliposema kwamba hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi, akakaripiwa hadharani. Wengi tunapokisimulia hukimbilia hayo ya zawadi, lakini kabla yake kuna neno moja katika mapokezi ya Bukhari, kwamba alipokuja "akamfanyia hesabu". Kuhesabiwa kulikuwa ndiyo ada, na hakukusubiri tuhuma. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi.

Baadhi ya watu watamjia na aya ya 271 ya sura hiyo hiyo, inayosema kwamba kuificha sadaka na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Aya hiyo inamhusu mtoaji na sadaka yake. Aliyewekewa amana hakuambiwa afiche.

Ukhti wa Ng'ambo (Unguja)

Naona mmezungumza sana juu ya wanaotoa na wanaoshika, ila hakuna aliyemtaja anayepokea, na swali la picha limepita bila jibu. Jibu langu ni hapana. Mchangiaji ana haki ya kujua fedha yake ilifanya nini. Uso wa mjane haukuwa sehemu ya mapatano. Hapa mtaani kwetu niliona picha ya watoto wakishikishwa mfuko wa mchele mbele ya bango, ikazunguka katika simu, na mtoto mmoja akakataa kwenda skuli siku nne kwa namna alivyokuwa akiitwa na wenzake.

Wekeni orodha yenye majina na namba, ishikwe na watu wawili tu, mmoja wao awe mwanamke kwa sababu wajane hawatamueleza mwanamume kila kitu. Hadharani itoke idadi peke yake: aila ngapi za mayatima, ngapi za wazee, ngapi za wagonjwa. Anayetaka kuhakikisha achague namba tatu au nne bila ya kupangiwa, na mtu anayeaminiwa na pande zote mbili aende kuuliza kwa faragha kama kifurushi kilifika.

Na kitu kimoja ambacho jumuiya nyingi hazikifanyi: tangazeni kabla ya kugawa kilichomo ndani ya kifurushi, kwamba ni kilo kadhaa za mchele, sukari, unga, mafuta na tende. Bi mkubwa akijua kwamba stahiki yake ni kilo 15 za mchele, naye akapewa 10, atasema. Asipojua ataishia kushukuru na kuomba dua, na daftari lenu litasema 15 milele.

Mchangiaji wa Mbali (London)

Mimi si mmoja wa wale wawili, lakini ningeweza kuwa. Bwana Katibu, mueleze mzee kwamba huku tuliko kuuliza hesabu ni mazoea, wala hakuna aliyesikia jambo. England na Wales kuna daftari la jumuiya za hisani ambalo mtu yeyote hulifungua bure katika intaneti, na jumuiya yenye mapato ya zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka huwasilisha humo hesabu zake ndani ya miezi 10 baada ya kufunga mwaka. Ikichelewa, daftari lenyewe linaonyesha kwamba imechelewa. Tunamuuliza imamu wa hapa vile vile.

Lakini nasi tuna kasoro zetu. Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba kila senti imfikie yatima, kisha hao hao wakataka ripoti, picha na simu ya saa nzima, kana kwamba hayo hayana gharama. Tena kuna suala la kubadilisha fedha: mtu anatuma pauni 150, anakatwa ada, thamani inabadilika, kisha anaona katika orodha kiasi pungufu ya alichokitarajia na anaanza kunong'ona. Andikeni kiasi cha shilingi kilichofika pamoja na tarehe yake, na kila mmoja apelekewe stakabadhi siku hiyo hiyo. Manung'uniko mengi ninayoyasikia huku yanatokana na hilo tu.

Katibu wa Shehia (Pemba)

Nawashukuru nyote. Nilimwendea mzee juzi baada ya Alasiri, nikaanza na habari ya mirathi kama alivyonielekeza Mhasibu, na nikafikisha salamu za Maalim. Alicheka kidogo alipolisikia jina la Ibnu Lutbiyya, akaingia ndani na kutoka na daftari lake. Tulikaa mpaka Magharibi. Zaka ilikuwa 3,100,000 na, kwa bahati njema, yote ilikwenda katika vifurushi. Baki katika simu ni 757,000 kamili, na Jumatatu tunakwenda benki.

Kuna jambo moja limetushinda. Katika ukurasa wa nyuma tumekuta 86,000 za saruji na kokoto za kisima ambazo alizitoa mfukoni mwake na hakumwambia mtu. Nilitaka tumrejeshee kutoka katika baki, naye amekataa katakata na anataka niufute mstari huo. Nifanyeje?

Mhasibu Mstaafu (Chake Chake)

Usiufute. Uandike pande zote mbili: mapato yaongezeke 86,000 kutoka kwa mchangiaji asiyetaka kutajwa, na gharama ya kisima nayo iongezeke 86,000, iwe 4,286,000. Jumla ya mapato itakuwa 11,486,000 na ya matumizi 10,729,000. Baki ni ile ile, 757,000. Stakabadhi mkatieni, jina mnaweza kuliacha.