Kazi mbili UK, mwaka wa pensheni haujakamilika! Wakuu huu ni uonevu

Wakuu nina hasira, acheni nitoe la moyoni. Dada yangu yuko UK miaka mingi anabeba boksi, alfajiri anasafisha maofisi, wikiendi yuko nyumba ya wazee anaogesha watu na kuwalisha. Ameanza kufikiria kustaafu, basi tukakaa tukafungua rekodi yake ya NI (National Insurance, yaani michango ya bima ya taifa inayokuhesabia miaka ya pensheni) kwenye tovuti ya serikali. Miaka inashuka mstari kwa mstari, umekamilika, umekamilika, halafu ghafla haujakamilika, haujakamilika, haujakamilika. Na ni miaka ileile aliyokuwa anapiga kazi mbili hata usingizi hapati!

Tukatoa slipu za mshahara. Kazi ya kwanza £110 kwa wiki, ya pili £100. Zote mbili, pale kwenye NI, imeandikwa 0.00. Kumbe kuna kiwango cha chini cha mshahara ili mwaka wako uhesabiwe, kwa mwaka wa kodi 2025/26 ni £125 kwa wiki, na wanakipima kwa kila mwajiri peke yake, hawajumlishi. Kwahiyo huyu mama wa £210 kwa wiki anahesabika kama mtu aliyekaa tu nyumbani, wakati mwenye kazi moja ya £130 mwaka wake unahesabiwa, tena bila kukatwa hata senti kwasababu makato ya mfanyakazi yanaanzia £242. Hapo ndipo damu inanichemka. Ikija kodi ya mapato wanajumlisha kazi zako zote vizuri kabisa, na waajiri wanaitumia serikali taarifa za mishahara kila siku ya malipo. Taarifa wanazo! Kujumlisha ili wakukate wanaweza, kujumlisha ili upate haki yako ndio haiwezekani?

Na wala hakuna anayekwambia. Ejensi iliyompa shifti haikusema, mwajiri wa pili hakusema, na slipu yenyewe inaonyesha sifuri tu, mtu unaona kheri sijakatwa, kumbe mwaka umepotea hivyo. Ili upate pensheni kamili ya serikali kwa mfumo ulioanza Aprili 2016 unatakiwa kuwa na miaka 35 iliyokamilika kwenye rekodi, na ukiwa chini ya 10 kwa kawaida huambulii kitu. Sasa jiulizeni ni wangapi wetu wameingia kule wakiwa na miaka 40 na kitu, wakaanza na vikazi vya masaa machache hapa na pale.

Halafu wanakwambia pengo linanunulika. Sawa, linanunulika, kwa bei ya 2025/26 ni £17.75 kwa wiki, mwaka mzima kama £923. Nakubali hesabu yake sio mbaya, maana kwa viwango vya 2025/26 hivyohivyo mwaka mmoja unakuongezea kama £6.58 kwa wiki, ndani ya miaka mitatu ya kupokea pensheni hela yako imerudi. Lakini msafisha ofisi anaitoa wapi £923 kwa mkupuo, tena kulipia mwaka aliofanya kazi? Na lile dirisha la kurudi nyuma hadi 2006 lilifungwa tarehe 5 Aprili 2025, sasa hivi ni miaka 6 tu iliyopita. Waliokuwa na hela na wahasibu wao waliwahi. Wetu wanasikia leo.

Ila jamani kabla hujatoa hata pauni moja angalia kwanza kama kuna miaka unayostahili kupewa bure. Mama aliyeandikishwa Child Benefit (posho ya mtoto ya serikali) kwa mtoto wa chini ya miaka 12 anahesabiwa. Na hili wengi hawalijui kabisa: bibi au babu ambaye hajafika umri wa pensheni, anayelea mjukuu wa chini ya miaka 12 ili mzazi aende kazini, anaweza kuhamishiwa ile haki ya mzazi ya kuhesabiwa mwaka, mradi mzazi ana mwaka wake tayari kutokana na kazi na akubali kusaini fomu. Bibi zetu wangapi wamelea wajukuu kule hawajadai kitu! Pia wenye miaka ya kabla ya 2016 wapige simu kwanza ofisi ya pensheni waulize mwaka upi unaongeza kitu, kwasababu mingine unalipa na pensheni haisogei hata kidogo.

Na bado sijamaliza, dada anataka kurudi Tanzania. Akirudi pensheni yake inagandishwa palepale, nyongeza ya kila mwaka hapati mpaka anaingia kaburini. Kenya hivyohivyo, Uganda hivyohivyo. Anayestaafia Marekani, Jamaika, Ufilipino au Mauritius anaongezewa kama kawaida. Mchango ni uleule, miaka ni ileile, kinachokuponza ni nchi unayoenda kuzeekea! Ndio maana nasema tusikae kimya, walioko kule na wana haki ya kupiga kura wamwandikie mbunge wao wadai kazi zijumlishwe, na wenye vyama vya wafanyakazi wapeleke hili.

Nyie mlioko UK wenye kazi mbili au tatu, fungueni rekodi zenu leo hii mniambie mmekuta nini. Na kama kuna bibi aliyefanikiwa na ile fomu ya kulea mjukuu aje aeleze alijazaje, maana mama mkwe wa dada naye ana miaka minne ya kudai na hajui aanzie wapi.