Uzi wa Tatu

Kikundi: Familia ya Bibi Maua, Ujiji

Jumapili, saa 12:40 jioni

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum wanangu. Tatu, leo kwenye arobaini hatukukuona. Watu wa Kibirizi wamefika, wa Mwandiga wamefika, na wewe uko hapo Mwanga tu hukutokea. Kuna nini mwanangu?

Tatu: Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi. Nisamehe. Tangu adhuhuri naandika nafuta, naandika nafuta. Juma ameniambia sema, hawa ndio watu wako. Shangazi, nina mimba ya wiki 23. Na nimeshonwa mlango wa kizazi.

Asha: Dada jamani 😭

Mjomba Rajabu: Umeshonwa vipi? Umeingia chumba cha upasuaji na ukoo hauna habari?

Tatu: Shikamoo Mjomba. Ilikuwa wiki ya 13. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, nusu saa hivi wakamaliza. Jioni nilinyanyuka mwenyewe kwenda chooni, kesho yake nikarudi nyumbani. Sikusema kwa sababu ya wale wawili. Niliogopa nikiitangaza nitarudi tena kuwapa habari ya kuzika.

Ramadhani: Mimi nilijua, ndiye niliyempeleka. Aliniapisha nisiseme.

Shangazi Mwanaidi: Si mimi niliyekukanda maji ya moto ulipotoka hospitali mara ya pili? Na mimi nifichwe?

Tatu: Ni wewe Shangazi, na sijasahau. Lakini pia ni wewe uliyesema ni ndoo za maji. Ulisema kwa uchungu, najua. Ila nimekaa na neno lile miaka miwili. Nikiona mtu amejitwika ndoo moyo unapasuka, naona kama nilimuua mwanangu kwa mikono yangu.

Shangazi Mwanaidi: *Ujumbe huu umefutwa*

Tatu: Ngoja niseme yote leo. Ya kwanza ilitoka wiki ya 20, ya pili wiki ya 22. Hazikuuma, na hapo ndipo watu hawanielewi, wanadhani mimba ikitoka lazima mtu alie. Ile ya pili kiuno kilikuwa kizito siku mbili, na chini natokwa na ute wa pinki. Nilikwenda kwenye kituo fulani, hawakunilaza hata kitandani, wakasema ni uchafu wa kawaida wa mimba, rudi nyumbani. Usiku nikatoka uani, Juma ananimulikia kwa simu, nikahisi kitu kimeshuka. Mtoto alikuwa na nyusi. Nyusi zimekaa sawasawa kama za Juma. Hakulia. Nilimshika mpaka akapoa.

Asha: Innalillahi. Dada hukuwahi kutuambia hili.

Zuhura: Jamani nimetoka zamu sasa hivi hapa Kasulu, nimesoma nikiwa nimesimama koridoni. Shikamooni wakubwa. Tatu mdogo wangu, si ndoo. Nimekuwa mkunga miaka 11, nisikilizeni. Mlango wa kizazi kazi yake ni kukaa umefunga, mrefu na mgumu, mpaka siku ya uchungu. Wa Tatu hulegea kabla ya wakati. Mtoto akianza kuwa mzito, unafunguka kimyakimya. Kuna wanaozaliwa nao hivyo, kuna wanaoupata baada ya kuchanika wakati wa kujifungua au kufanyiwa upasuaji pale pale mlangoni, na wengine sababu haionekani kabisa. Ndoo haifungui mlango uliokuwa mzima.

Juma: Shikamooni. Mimi daktari alinieleza nikaelewa kwa kazi yangu ya dagaa. Gunia likijaa unapitisha sindano na uzi kuzunguka mdomo, unatoka unaingia, unatoka unaingia, ukimaliza duara unavuta na kupiga fundo. Ndivyo walivyomfanyia. Mzigo wetu ulikuwa mzima mara zote mbili, mdomo ndio haukuwa na fundo.

Mjomba Rajabu: Marahaba mkwe. Sasa Zuhura, haya si mambo ya kujaribia watu?

Zuhura: Hapana Mjomba, ni ya siku nyingi. Daktari Shirodkar wa Bombay, India, alieleza ushonaji wake mwaka 1955. Mwaka 1957 McDonald wa Australia akaeleza wa kwake ambao ni rahisi zaidi, na ndio aliofanyiwa Tatu.

Mama Sikujua: Na huyu wangu mwenye mapacha si naye ashonwe, tukae salama?

Zuhura: Hapana Mama Mdogo. Mapacha peke yake si sababu ya kushonwa. Anashonwa mwenye historia kama ya Tatu, au aliyewahi kuzaa njiti kisha kipimo cha utrasaundi kikaonyesha mlango umekuwa mfupi, chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24. Kuna ambao hawahitaji uzi, wanapewa projesteroni ya kuweka ukeni kila usiku. Na mwenye maambukizi, damu inayotoka, chupa iliyopasuka au uchungu ulioanza hashonwi. Mwambie ahudhurie kliniki zote, apimwe.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura. Nikuulize kitu.

Shangazi Mwanaidi: Mimi kabla ya Hamisi nilipoteza wawili, mwaka 1984 na 1986. Wote miezi mitano. Hazikuuma. Waliniambia ni shetani wa ziwani kwa kuwa nilikuwa nafua pwani wakati wa magharibi. Niliachika kwa sababu hiyo. Ndizo hizi hizi?

Zuhura: Shangazi, pole sana. Siwezi kukuapia kutoka huku, hakuna aliyekupima wakati ule. Lakini ulivyoeleza, miezi mitano, mara mbili, bila uchungu, inafanana sana na ya Tatu. Na hata kama ilikuwa kitu kingine, kufua nguo ziwani hakukuwa kosa lako.

Shangazi Mwanaidi: Nimewasikia. Tatu nisamehe mwanangu. Lile neno la ndoo nililitoa kwenye lawama nilizotiwa mimi.

Tatu: Shangazi tumeshasameheana. Nilikuwa sijui kabisa kuhusu hao wawili.

Bibi Maua (anaandika Asha): Bibi anasema anawajua wote wawili, aliwaosha yeye, wako chini ya mwembe wa nyuma. Anasema enzi zao mwanamke wa hivyo alifungwa uzi kiunoni wa kushikia mimba. Anauliza amtengenezee?

Zuhura: Shikamoo Bibi. Uzi wa kiunoni Tatu akitaka auvae kwa mapenzi yako. Ila dawa za kunywa na za kuweka chini naomba zisije kabisa. Huko chini kuna uzi, kikiingia kitu cha kuleta maambukizi tunampoteza mtoto na mama anaweza kwenda pia.

Mama Sikujua: Basi alale miguu juu mpaka azae. Asinyanyuke hata kwa kula.

Zuhura: Hiyo ilikuwa desturi, hospitali nyingi zilifanya hivyo. Imeonekana kulala siku nzima hakuzuii mtoto kutoka mapema, ila damu huganda miguuni na mwili unakosa nguvu. Atembee ndani, akae, apike chai. Asibebe mzigo, asisimame kutwa. Ya chumbani nimeshaongea nao pembeni.

Mama Sikujua: Mbona unajipinga? Umesema ndoo haina kosa, tena asibebe.

Zuhura: Sijipingi Mama Mdogo. Ndoo haikulegeza mlango wake. Lakini mlango ambao tayari ni dhaifu na una uzi hatuuongezei uzito. Mguu uliovunjika ukifungwa plasta, mtu hukatazwa kukimbia, na si mbio zilizouvunja.

Ramadhani: Maji nitachota mimi kabla ya kazi. Na kule shuleni vipi, mwenye shule anasemaje?

Tatu: Amenipa darasa la chini nisipande ngazi. Anauliza likizo tu.

Ramadhani: Likizo ya uzazi ni siku 84. Na sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025. Mama akijifungua njiti anaongezewa wiki zilizobaki mpaka kutimia wiki 40 za mimba, zile siku 84 haziliwi. Mwambie asome, sisi ofisini tumeshabandika ukutani.

Tatu: Juma amechora mistari 40 kwa mkaa ukutani jikoni. Kila Jumatatu anafuta mmoja kwa kidole. Yeye hasemi kitu, anafuta tu halafu ananawa mkono.

Jumatano, saa 8:10 usiku

Tatu: Da Zuhura uko macho

Tatu: Tumbo linakaza. Mara tano ndani ya saa moja. Kiuno kizito kama siku ile

Zuhura: Niko macho. Maji yamemwagika? Damu?

Tatu: Hapana. Ute tu. Na mkojo unachoma tangu jana

Zuhura: Usisubiri kuche. Wiki 29 eeh? Juma piga 115 sasa hivi, ni bure. Sema mjamzito wiki 29, ameshonwa mlango wa kizazi, tumbo linakaza. Neno ameshonwa usiliache, na wewe Tatu liseme kwa kila nesi atakayekugusa. Uchungu wa kweli ukija uzi haujakatwa, unaweza kuuchana mlango.

Ramadhani: Nije na pikipiki?

Zuhura: Si pikipiki. Gari.

Juma: Wamepokea. Wanasema gari linatoka

Zuhura: Kadi ya kliniki, khanga nne, chaji ya simu. Alale ubavu wa kushoto.

Juma: Limefika. Saa 8:47. Tunaondoka

Shangazi Mwanaidi: Nimeamka, niko kwenye mswala. Mwanangu usiogope.

Mjomba Rajabu: Ya Rabbi.

Alhamisi, saa 11:25 alfajiri

Juma: Wamempima. Uzi umeshika, mlango haujafunguka. Wamepata maambukizi kwenye mkojo, wanasema hayo peke yake yanaweza kukazisha tumbo. Ameanza dawa. Na wamemchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto endapo atakuja.

Zuhura: Alhamdulillah. Hiyo ni deksamethasoni. Atachomwa moja kila baada ya saa 12, jumla nne. Hawaichomi kila mwenye uzi, wanaichoma wakiona kweli mtoto anaweza kuzaliwa karibuni, kati ya wiki 24 na 34, na mahali penye watu wa kumhudumia njiti.

Mama Sikujua: Wiki 29 mtoto anaishi kweli?

Asha: Mama Mdogo, Nassoro wangu alizaliwa wiki 31, gramu 1,400. Mnamwona anavyokimbiza mpira pale Buzebazeba, yuko darasa la pili. Usiku wa kwanza nilipewa nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na soksi tu, nikafungwa kitenge juu. Alikuwa mwepesi kama kifaranga. Nikalala nimeinuka nusu, nikiogopa nitamziba pumzi. Maziwa nilikamua, akanyweshwa kwa kikombe kidogo, mililita chache chache. Mimi nikichoka baba yake anavua shati anampokea. Wanaume wodini walimtazama wiki ya kwanza, wiki ya pili wakawa wanamuuliza anafungaje.

Zuhura: Hiyo ya kumweka mtoto kifuani inaitwa kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970, hospitali ilikuwa na mashine chache kuliko watoto. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Ila Asha, ulichosema cha baba kupokea ndicho naomba Juma akisome mara mbili.

Juma: Nimesoma. Nitampokea.

Tatu: Niko macho jamani. Limepungua, mara moja tu saa zima. Mtoto anacheza upande wa kulia. Asha, asante. Nilikuwa nalala nikiwaza kaburi tu, sasa nawaza kofia.

Asha: Ya Nassoro ninayo. Ya njano. Naifua leo.

Jumatatu, saa 7:15 mchana

Tatu: Shikamooni wote. Leo wiki 37. Uzi umekatwa.

Asha: 🙏🙏🙏

Mjomba Rajabu: Takbir! Umechomwa ganzi tena?

Tatu: Hapana Mjomba, dakika chache tu. Nilivuta pumzi, nikasikia mkasi, kidogo ikanibana, basi. Daktari akanionyesha. Utepe mweupe, mfupi kuliko kidole changu, fundo bado limo. Nilimwomba nikae nao akasema una damu, hautoki hapo. Nikautazama tu. Wiki 24 umemshika.

Mama Sikujua: Kwa hiyo mnazaa leo?

Zuhura: Si lazima. Mwingine huanza uchungu siku hiyo hiyo, mwingine hukaa wiki mbili na zaidi. Arudi nyumbani, asiende mbali na hospitali. Damu, maji, uchungu, mtoto kupunguza kucheza, anaondoka hapo hapo.

Tatu: Mlango umefunguka sentimita mbili, uchungu bado. Tuko kwenye bajaji tunarudi Mwanga. Juma amemwambia dereva mara tatu apite taratibu.

Bibi Maua (anaandika Asha): Bibi anasema mgebuka wa mawese uko tayari, asile nje. Na anauliza kama uzi wa kiunoni bado upo.

Tatu: Upo Bibi. Nitauvua siku yenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Mimi niko kwenu tangu asubuhi, ufunguo alinipa Ramadhani. Nitalala hapa mpaka mtoto aje. Ukifika usiguse kitu, ndoo zote nimejaza, na pipa.